Ngoma ya Kezia

Hobart, 4 Machi 1979

Shangazi Elvie,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila Graeme kaumwa na nyuki sikioni na analalamika utadhani kakatwa mguu. Vipi Queenstown? Mvua imewaachia walau siku moja nguo zikauke?

Nakuandikia kwa shida, usinune. Nimeingiwa na wazimu wa ukoo. Mji mzima huu siku hizi unasaka mababu wafungwa. Unamkumbuka Bibi alivyokuwa akisema, "Sisi tulikuja kwa nauli yetu"? Wote walisema hivyo, hata unajiuliza zile meli za wafungwa kutoka Uingereza zilileta nani huku Tasmania, mbuzi? Sasa mambo yamegeuka. Mama mkwe wangu ana mfungwa mmoja tu, mwizi wa bata, na keshamtundika ukutani kwenye fremu. Kila Jumapili tukienda kula kwake lazima tumsikilize huyo bata. Nimechoka, Shangazi. Nami nataka wangu.

Basi kila Jumamosi naenda chumba cha nyaraka. Kuna mzee mmoja ananiletea mikanda ya filamu yenye picha za vitabu vya zamani, naipachika kwenye mashine, nasoma mpaka macho yanawasha. Wafungwa wameandikwa kila kitu: kimo, makovu, meno yaliyong'oka, kosa la kule Uingereza, na kila kosa walilofanya wakishafika. Shida yangu sina pa kuanzia. Baba yake Babu Albert ni Amos Dossett, nimeishia hapo. Mama yake Amos ni nani? Upande wa baba umebaki wewe peke yako. Mama nikimwuliza anafungulia redio.

Na jingine. Baba amezikwa wapi? Nilikuwa na miaka sita alipoangukiwa na mwamba mgodini, sikupelekwa mazikoni, na kaburi sijaliona hadi leo. Nataka kuliona sasa, maana mimi na Graeme tumeamua: mwaka huu tunapata mtoto. Nina miaka ishirini na nane, nimesubiri vya kutosha. Akiniuliza "sisi ni nani" nataka niwe na la kumjibu.

Mwanao,
Rowena


Queenstown, 12 Machi 1979

Wewe mtoto,

Marahaba. Mvua haijatuachia, nguo zangu ziko kambani tangu Jumatano na zimeanza kuota ukungu. Mwambie Graeme apake kitunguu sikioni na anyamaze.

Hayo ya ukoo, mwanangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mfungwa wa nini? Ukitaka mwizi wa kutundika ukutani nenda bungeni ukachague. Lakini kichwa chako nakijua, ni cha baba yako, ukikatazwa ndiyo kwanza unakaza. Haya, andika: mama yake Babu Amos alikuwa Harriet, mtumishi wa mchungaji, mwanamke wa kanisa, nauli yake kalipiwa na kaka yake. Hakuna bata. Pole sana.

Kaburi la baba yako tutalizungumza ukija. Makaburi ya huku yanaliwa na mvua, majina yanafutika. Ila usije sasa, barabara ina matope.

Na mtoto, mbona haraka hivyo? Mmeoana juzi tu. Nunueni nyumba, nendeni mkaione dunia. Watoto wapo tu, hawakimbii.

Shangazi yako,
Elvie


Queenstown, 12 Machi 1979

Wifi Doreen,

Sina salamu ndefu leo, nina hasira na nina woga. Rowena anachimba ya ukoo. Nimetoka kumwandikia uongo karatasi nzima. Nimemwambia mama yake Amos ni Harriet, yule mke wa pili aliyemlea, na Kezia aliyemzaa nimemfukia tena kama tulivyomfukia siku zote.

Haitasaidia. Na kibaya zaidi si huko kuchimba: mtoto anataka kuzaa mwaka huu. Wifi, tuliapa mimi na wewe kwamba atakapofika miaka kumi na minane tutamwambia. Ukasema ngoja amalize chuo. Ukasema ngoja aolewe. Sasa tungoje nini?

Daktari alitueleza ana kwa ana. Mtoto wa mgonjwa ni sarafu iliyorushwa juu, ikilala upande huu anao, ikilala upande ule hana. Kipimo hakuna, mpaka afike miaka thelathini na kitu mwili uanze kucheza wenyewe. Babu Amos alikuwa nao, baba yangu alikuwa nao, Clarrie wako alikuwa nao. Nyumbani tuliuita ngoma ya Kezia, kwa sauti ya chini, na nje tukasema kaanguka farasini, kazama mtoni, kaangukiwa na mwamba.

Mwambie kabla hajabeba mimba. Wewe ndiye mama yake. Nikimwambia mimi nitamwambia yote, na ile miaka mitano ya mwisho ya Clarrie pia.

Elvie


Devonport, 20 Machi 1979

Wifi Elvie,

Barua yako nimeisoma mara moja nikaichoma, Les asiione. Tafadhali usiniandikie tena mambo hayo hapa kwa mume wangu.

Rowena hana. Mimi ndiye niliyemzaa, nimemwangalia anavyoshika kijiko tangu ana miaka miwili. Hana, na simziki mtoto wangu angali hai kwa ajili ya sarafu ya daktari. Wewe ulijua tangu una miaka ishirini, kukakusaidia nini? Ulimkataa Merv Whelan, naye akakusubiri miaka sita, maskini. Umekaa peke yako kujikinga na kitu ambacho hukuwa nacho. Leo una miaka sitini na sita na ni mzima kuliko mimi. Kule kujua kwako ndiko kulikokunyima watoto. Rowena sitamfanyia hivyo.

Tumwache aishi. Mungu si mkatili kiasi hicho.

Doreen


Hobart, 6 Mei 1979

Shangazi,

Kaa chini. Umekaa? Harriet wako ni wa bandia!

Nimempata kwenye kitabu cha ndoa: Harriet aliolewa na Dossett, baba yake Amos, mwaka 1861, wakati huo Amos ana miaka kumi na mitatu. Ni mama wa kambo. Nikarudi nyuma, ndipo nikampata mwenyewe. Kezia Skeggs! Kutoka Suffolk, miaka ishirini na mitatu, nywele nyekundu, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kahukumiwa miaka kumi na minne kwa kupokea blanketi za wizi, akaletwa huku mwaka 1844. Mama mkwe na bata wake wakakae kando.

Subiri, utamu bado. Miaka sita ya mwanzo hana hata doa moja, mpaka nikadhani nimepata mfungwa bubu. Anaolewa kwa ruhusa ya serikali, anamzaa Amos, mumewe anakwenda kutafuta dhahabu ng'ambo. Halafu mwaka 1851, jamani, mama kaamka! Nakunakilia kama karani alivyoandika:

Machi 1851. Amelewa. Anakana. Siku saba kizuizini peke yake.
Juni 1851. Kuvunja sahani za mwajiri wake, mara ya tatu. Miezi miwili kazi ya kufua.
Januari 1852. Kumkunjia uso msimamizi wakati wa sala. Anyolewe nywele.
Agosti 1852. Kucheza kanisani. Mkate na maji siku kumi na nne.
Februari 1853. Amelewa. Anakana. Hanuki pombe.
Mei 1854. Kumwangusha mwanawe sakafuni. Mtoto apelekwe nyumba ya yatima.
Novemba 1854. Amelewa. Ufidhuli.
Aprili 1856. Amefariki hospitali ya gereza. Wazimu wa ulevi.

"Hanuki pombe"! Huyo ni stadi, kalewa na harufu kaificha. Jumapili niliwasomea watu wanane mezani kwa mama mkwe (lile la mtoto nililiruka, halikunikaa vizuri) na walicheka mpaka machozi. Wakanilazimisha kuigiza. Nikasimama, nikamkunjia uso msimamizi, nikacheza kanisani, nikayumba. Katika kuyumba nikaangusha sinia zima la pai za kondoo, Graeme akapanda juu ya kiti akapiga kelele, "Kezia kafufuka!" Nyumbani pia nimekuwa mtu wa kuvunja vikombe siku hizi, basi jina limeshanikaa.

Kwa nini ulinificha, Shangazi? Aibu ya nini? Huyu ndiye mtu mmoja katika ukoo wetu aliyekataa kunyamazishwa. Tukipata msichana tutamwita Kezia.

Na tutapata, maana nina mimba ya miezi miwili! Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa baada ya Graeme. Mama nitamwambia leo kwa simu.

Nakubusu,
Rowena


TELEGRAMU. Queenstown kwenda Devonport, 10 Mei 1979
ROWENA KANIANDIKIA ANA MIMBA. MWAMBIE KABLA YA JUMAPILI AU NAMWAMBIA MIMI. ELVIE

TELEGRAMU. Devonport kwenda Queenstown, 11 Mei 1979
USITHUBUTU. UMECHELEWA. MWACHE AZAE KWA AMANI. DOREEN


Queenstown, 14 Mei 1979

Mwanangu Rowena,

Kezia hakulewa.

Soma tena ile orodha uliyoninakilia, safari hii usicheke. Miaka sita hana doa. Akafika thelathini, sahani zikaanza kumponyoka. Uso ukajikunja wenyewe, hakumkunjia mtu. Miguu ikacheza kanisani bila yeye kuituma. Akisema sikunywa, wanaandika anakana. Wamemnusa, hanuki, na bado wanaandika amelewa. Walimnyoa nywele kwa sababu ya ugonjwa, wakamlisha mkate na maji kwa sababu ya ugonjwa, wakamchukua mtoto wake kwa sababu ya ugonjwa. Mimi jina lake nililijua na nilijua alifia gerezani, lakini hizo adhabu sikuzijua mpaka uliponiandikia wewe. Nimelia, Rowena, na mimi si mtu wa kulia.

Ugonjwa huo uko katika damu yetu. Madaktari wana jina lao, sisi tuliuita ngoma ya Kezia. Unaanza mikononi na usoni, unashuka miguuni, kisha unaingia akilini, na dawa hauna. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana nusu ya kuupata na nusu ya kuukosa. Babu Amos hakuanguka farasini. Baba yangu hakuzama kwa bahati mbaya, alikwenda mtoni kwa miguu yake wakati bado inamtii. Na baba yako hakuangukiwa na mwamba wowote.

Clarrie alikuwa mchezaji hodari wa mpira. Uwanja wetu unaujua, changarawe tupu, magoti yake daima yalikuwa nyama nyekundu. Mwaka 1954 akaanza kukosa mipira ambayo hata mimi ningeidaka. Watu wakasema Clarrie kashika chupa. Alikuwa hajaonja pombe maishani mwake, hata ya Krismasi. Mgodini wakamfukuza kwa ulevi. Barabarani wahuni wakawa wanamfuata nyuma, wanaiga anavyotembea, na mama yako akafunga mapazia. Mwaka 1956 alipelekwa kwenye ile nyumba ya wagonjwa wa akili kando ya mto. Mama yako akakuvisha nguo nyeusi, akakuambia baba kafa mgodini, akakuhamishia Devonport.

Hakufa. Baba yako aliishi miaka mitano mingine. Alikufa Septemba 1961, wewe una miaka kumi na mmoja, uko darasani unajifunza kugawanya. Mimi nilikwenda kila mwezi kwa basi nikamlisha kwa kijiko. Alikuwa akiniuliza, "Ro kakua?" Namwambia kakua. Nikamwambia nitamleta, akasema, "Asije." Alisema hivyo kweli, sikutungii, na alikuwa analia. Kaburi lake liko nyuma ya ile nyumba, kwenye nyasi, lina kigingi cha chuma chenye namba 212. Jina hakuna.

Mimi nilikataa kuolewa kwa sababu ya hili, kisha halikunijia. Kwa miaka mingi nimeona haya kukaa mzima mbele ya ndugu yangu.

Hujui kama unao. Huenda huna, na kama huna, mtoto wako hana, mambo yameisha. Ilitupasa kukuambia kabla. Mimi nilikuwa mwoga, na sina neno jingine la kulipamba hilo.

Elvie


Hobart, 29 Mei 1979

Shangazi,

Sikuamkii.

Nilimwigiza. Unaelewa? Nilisimama mbele ya watu wanane, nikakunja uso, nikayumba, nikamwigiza baba yangu, na watu wakapiga makofi. Wale wahuni wa barabarani mimi ni mmoja wao, na mliniacha niwe hivyo.

Miaka mitano! Nilikuwa nakata maua nayaweka mbele ya picha ya mtu aliyekuwa hai, mwendo wa saa nne tu kwa gari kutoka kwetu, analishwa kwa kijiko na anauliza kama nimekua. Usiniambie alisema nisije. Alisema kwa sababu mlishaniambia amekufa. Angesema nini tena?

"Yaliyopita si ndwele." Uliniandikia hivyo kwa mkono wako! Kumbe ndwele yenyewe ndiyo hiyo, nanyi mmeikalia kama kuku na mayai.

Mama nimempigia simu. Akasema alitaka niwe na utoto kama wa wenzangu. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akaanza kulia, nikakata simu.

Tumekwenda kwa daktari. Kipimo hakuna, anasema tusubiri tuone. Graeme kachukua vikombe vyote vya udongo kaviweka juu ya kabati, anadhani sijaona. Tunakunywa chai kwenye bati kama watu wa kambi. Graeme anasema Melbourne kuna daktari wa kuitoa mimba, kisheria, kwa usalama. Tumepewa tarehe: Juni 7.

Usiniandikie.

Rowena


Queenstown, 10 Julai 1979

Rowena,

Umenikataza kuandika nami naandika, huo ukaidi hukuuokota njiani. Sikuulizi kama ulikwenda Melbourne. Sina haki ya kuuliza.

Ndani ya bahasha hii mna barua kumi na tisa za baba yako. Aliniandikia nilipokuwa nafanya kazi Burnie, tangu 1949 mpaka 1955. Ile ya Agosti 1950 inaeleza ulivyozaliwa. Anasema una masikio makubwa kama ya sungura na kwamba hatamruhusu mtu yeyote kuyacheka isipokuwa yeye. Ni zako. Ilipasa uwe nazo zamani.

Wiki iliyopita nilikwenda pale kwenye nyasi nikapalilia kidogo. Kigingi bado kipo.

Elvie


Hobart, 18 Desemba 1979

Shangazi,

Shikamoo.

Sikwenda Melbourne. Yaani nilikwenda mpaka uwanja wa ndege, nikakaa na mkoba mapajani. Wakaita ndege, Graeme akasimama, mimi sikusimama. Aliponiuliza sababu sikuwa nayo ya maana. Nilikuwa nawaza tu kwamba Baba alipata miaka thelathini na nane ya kuvunja magoti yake uwanjani kabla ngoma haijamfikia, na miaka minne ya mwisho ya hiyo alikuwa na mimi. Labda huu ni ubinafsi. Graeme anaona hivyo, siku hizi anaosha vyombo kwa vishindo. Lakini hajaondoka.

Mtoto kazaliwa tarehe pili. Ni msichana, kilo tatu na nusu, ana sauti ya bwana jela. Tumemwita Ida. Mama alikuja, akambeba. Nikimtazama Ida nafurahi mpaka naogopa, halafu naogopa tu.

Nilikwenda kwa Baba mwezi wa Oktoba, na tumbo langu hivyo hivyo. Nilikaa kwenye nyasi nikamwambia nimekua.

Sasa sikiliza, kuna jambo ninataka kwako. Barua zake nilizipanga sakafuni kwa tarehe. Mwaka 1949 mistari imenyooka kama reli. Mwaka 1953 herufi moja moja inaruka juu ya mstari, si kutetemeka, ni kuruka, kama mtu kagongwa kiwiko. Mwaka 1955 maneno yanasomeka kwa taabu. Na yeye hakuona! Katika ile ya 1953 anajisifu kuwa hajawahi kuwa na afya nzuri kama mwaka huo. Ndipo nikaelewa kwamba mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Kwa hiyo nakupa kazi. Nitakuandikia kila mwezi, kwa mkono. Barua zangu za mwaka huu unazo zote, za nyuma yake unazo pia. Zipange, uzitazame. Siku utakayoona, niambie bila kunizungusha na habari za barabara yenye matope. Graeme atanidanganya kwa kunipenda. Mama amekwisha nidanganya kwa kunipenda. Nimebaki na wewe, na wewe una deni langu kubwa kuliko wote.

Sitaki kujua kwa ajili yangu. Nataka kujua ni nani atakayemshika Ida siku mikono yangu itakaponikataa, na nataka kumpanga mtu huyo wakati bado nina akili ya kumpanga. Kezia hakupata nafasi hiyo, wakamwandikia "kumwangusha mwanawe".

Utafanya?

Rowena


Queenstown, 3 Januari 1980

Mwanangu Rowena,

Marahaba, na hongera ya Ida. Nilipofika kwenye sauti ya bwana jela nilicheka peke yangu jikoni.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na mbili. Nimechelewa kujibu na sitatafuta kisingizio cha sikukuu. Nilizipanga mezani kama ulivyosema, ya Machi kushoto, ya Desemba kulia, nikavaa miwani. Nikaziondoa, nikafua mapazia yasiyokuwa machafu, nikazirudisha. Halafu nikamwita Hazel wa jirani. Sikumwambia ni za nani. Nikamfunikia maneno kwa gazeti, nikamwachia mistari miwili miwili, nikamwambia, "Hizi kaandika mtu mmoja au wawili?" Hazel hana elimu kubwa lakini amedarizi miaka arobaini, macho anayo. Akasema, "Wawili." Akaweka kidole kwenye ya Desemba.

Nimeanza barua mbili za kukudanganya. Ya kwanza ilisema umechoka, unanyonyesha, hulali. Nayo inaweza kuwa kweli. Mimi si daktari, nenda ukaonwe, na ukaonwe wiki hii. Ya pili ilisema sioni kitu. Hiyo nilifika nayo mpaka kwenye bahasha, nikalamba gundi. Nikaikumbuka sura ya baba yako anapouliza kama umekua, nikaitia motoni ikaungua.

Hukuniuliza kama mimi ni daktari. Umeniuliza kama ninaona. Ninaona, mwanangu. Katika ya Machi hakuna kitu. Katika ile ya Mei, ya pai za kondoo, herufi zinaruka mara tatu, nami nilipoisoma sikuziona kwa sababu ya hofu yangu. Ya mwisho wa Mei nilidhani ni hasira. Katika hii ya Desemba ni karibu kila mstari, na jina la Ida umeliandika mara tatu na mara mbili kati ya hizo limeruka.

Nisamehe. Nimeandika hayo maneno na sasa natamani uje unipige.

Wewe hutalewa katika kitabu cha mtu yeyote. Atakayesema umelewa, atanikuta nimesimama karibu naye.

Kuku nimempa Hazel, na ufunguo wa nyumba. Basi la Jumatatu linafika Hobart saa kumi na nusu. Msije kunipokea, njia ninaijua, na nina mzigo mmoja tu. Nakuja kukaa, siji kutembea. Mwambie Graeme ashushe vikombe kabatini, chai ya bati mimi sinywi, na vikivunjika tutanunua vingine.

Usinipangie chumba kizuri. Popote panatosha, mradi kitanda cha Ida kiwe humo ndani.

Shangazi yako,
Elvie